Dirisha Lililofungwa Siku Arobaini

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: nyumbani kwako kuna kitu ambacho kila mtu anakizunguka, lakini hakuna anayethubutu kukigusa? Usinijibu upesi. Kaa kwanza nikueleze yaliyotokea kwa binti yangu, halafu ukirudi kwako uchungulie vizuri.

Binti yangu ameolewa na mwoka mikate. Chumba cha tanuri kimeshikana na nyumba yao. Ndani kuna meza ndefu ya kukandia, imebonyea katikati kwa miaka ya ngumi za mkwe wangu. Magunia ya unga yamepangwa juu ya mbao yasishike unyevu. Mlango ni mmoja, wenye komeo la chuma, na juu ya tanuri kuna dirisha dogo la kutolea moshi.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi nzuri. Alfajiri mkwe wangu akishakanda, hufunika unga kwa kitambaa, na ule muda wa kungoja uumuke ndio uliokuwa muda wa ibada. Alisoma Neno, wakaimba, wakaomba. Siku za baridi unga hukawia kuumuka, basi na maombi yakarefuka. Siku moja nikiwa kwao, mjukuu wangu wa kike wa miaka minane, tunayemwita Kasuku kwa wingi wa maneno, aliinua pembe ya kitambaa akachungulia.

"Baba, unga bado umelala. Tumwombee nani mwingine?"

"Mwombee bibi yako, magoti yanamsumbua."

"Bibi tumeshamwombea mara mbili. Mungu atasema tunamchosha."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la mikate lenye tanuri la umeme. Mikate yao ilitoka imepangwa kama matofali, yote sawasawa. Wateja wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja, hata wale tunaosali nao kanisa moja. Mkwe wangu akawa anasimama mlangoni, mikono ina unga, anatazama migongo yao.

Hapo ndipo mtu angepiga magoti zaidi. Yeye alimwendea mganga mmoja anayejiita mtaalamu wa kuvuta wateja. Akarudi na kifurushi cha ngozi nyeusi, kidogo kama limau, akakitundika kwenye msumari kando ya dirisha. Kilikuja na masharti yake: siku arobaini dirisha lisifunguliwe. Mkate ukiwa tanurini, mlango usifunguliwe mpaka utoke. Na maombi yasifanywe mbele yake.

"Na ibada yetu je?" binti yangu akauliza.

"Tutafanyia chumbani kwetu. Mungu hayuko chumbani?"

Wakafanyia chumbani mara tatu, labda nne. Baada ya hapo hakuna aliyesema tumeacha. Iliisha tu, kama sabuni inavyoisha. Na tafadhali mfahamu, huyu ni mzee wa kanisa! Jumapili alikaa kiti cha mbele, tai imenyooka. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini mwenyewe alidhani mikono yake ni mipana.

Nilipokwenda kuwatembelea, Kasuku alinivuta pembeni.

"Bibi, kile kitu cheusi kinakula nini?"

"Hakili kitu."

"Kinauma?"

"Hakina meno, mjukuu wangu."

"Sasa mbona Baba anakiogopa kuliko mbwa wa jirani?"

Nilicheka kwanza. Nilipaswa kwenda kwa mkwe wangu saa ileile. Sikwenda. Nilijiambia mama mkwe hapandishi sauti katika nyumba ya watu. Nikaendelea kuchambua mchele wangu.

Ikafika siku ya thelathini na saba, nami nikiwa bado kwao. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na kuni zilikuwa mbichi, zikitoa moshi mzito. Alasiri tulikuwa wote chumba cha tanuri: mkwe wangu tanurini, binti yangu anakata madonge, mimi nayaviringisha, Kasuku anapaka mafuta vyombo. Mkate ulikuwa umeingia, komeo limefungwa.

Kasuku akakohoa. Akakohoa tena. Kifua chake kikaanza kulia kama birika linalokaribia kuchemka.

"Mume wangu, fungua dirisha kidogo," binti yangu akasema.

"Zimebaki siku tatu."

"Mtoto anakohoa."

"Kila mtu anakohoa. Ni kuni."

Kasuku akaacha kupaka mafuta. Akakaa juu ya gunia la unga, mikono amekaza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Niliona ngozi ya shingoni ikizama ndani kila alipovuta pumzi. Nimelea watoto sita, najua maana yake.

Binti yangu akaenda mlangoni. Mkwe wangu akamtangulia, akasimama mbele ya komeo na ule ubao wa mpini mrefu wa kutolea mikate.

"Dakika kumi tu, mama watoto. Mkate utoke. Tumevumilia siku zote hizi, tuharibu leo?"

"Dakika kumi hana!"

"Nikifungua sasa, tumekwisha sote. Hujui nilichoambiwa!"

"Nakijua ninachokiona! Sogea!"

Akamsukuma kwa mikono miwili. Hakusogea. Jasho lilimtiririka, na macho yake hayakuwa kwa mkewe wala kwa mtoto. Yalikuwa kwenye kile kifurushi.

Ndipo mimi, mama mkwe mwenye heshima zangu, nikaiacha heshima pale mezani. "Baba," nikamwambia, "huyo uliyemtundika ukutani amekuomba mtoto. Unampa?"

Akageuka akamtazama Kasuku. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka, na si kwa unga.

"Kasuku! Unataka nini, mama? Sema!" akamwita.

Mtoto akafungua kinywa. Mtoto ambaye hata akiwa usingizini anaongea! Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akabaki anamtazama baba yake.

Mkwe wangu akalia kama mtu aliyeungua. Akavuta komeo, akatupa ubao, akamnyakua mtoto akatoka naye mvuani akikimbia, huku akiita jina la Yesu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, hata waliopanga foleni ng'ambo kule. Binti yangu nyuma yake, bila viatu.

Nilibaki peke yangu. Nikapanda juu ya gunia, magoti yangu haya haya, nikasukuma dirisha mpaka bawaba zikaachia. Kifurushi sikukigusa. Nilitaka aliyekitundika akitoe mwenyewe. Mikate iliungua yote ikawa mkaa.

Zahanati waliwapokea mbio, wakamwekea mtoto hewa puani. Muuguzi akawaambia, "Mngengoja robo saa, mngekuja kuniomba shuka tu." Mkwe wangu akakaa chini sakafuni, palepale koridoni.

Aliporudi kesho yake alikitoa kifurushi mbele yetu sote, akakitia motoni kwa mkono wake. Jumapili alisimama kanisani akasema alichofanya, akaomba avuliwe uzee wa kanisa mpaka nyumba yake itengenee. Sitawadanganya, si wateja wote waliorudi. Nusu bado wanavuka barabara. Lakini alfajiri ukipita pale, utasikia wanaimba wakati unga unaumuka.

Funzo

Wazazi wenzangu, sanamu si lazima iwe na macho na pua. Ni chochote kinachokufanya useme "ngoja kidogo" wakati mtoto wako anakosa pumzi. Inaingia nyumbani kwa mlango wa hofu, na kitu cha kwanza inachokula ni ibada ya familia. Baba, ukuhani wa nyumba yako hauanzi kwenye kiti cha mbele kanisani. Unaanza mezani pako, mbele ya wanaokuona ukiwa na jasho. Mama, usichoke kusema. Na sisi bibi na babu tunaonyamaza eti tunalinda heshima, tutaulizwa. Mimi nilinyamaza siku nyingi, na kidogo nimzike mjukuu wangu pamoja na heshima yangu.

Wiki ya pili baada ya kutoka zahanati, unga ukiwa umefunikwa na sote tumekaa, mkwe wangu alimpakata Kasuku akamuuliza polepole, "Mama, siku ile ulifungua kinywa. Ulitaka kuniambia nini?"

Mtoto akachezea kifungo cha shati la baba yake.

"Nilitaka uniombee," akasema. "Lakini nikaona na wewe unaogopa."