Dakika Ishirini na Sita

Mapenzi haya, ndugu msomaji, yalianzia kwenye duka la pembejeo, katika mtaa wenye kelele kuliko bweni siku mwalimu wa zamu anapougua. Lilikuwa limebaki chujio moja tu la maji rafuni. Mikono miwili ikalishika kwa pamoja, mmoja una grisi, mwingine una kucha za zambarau.

"Kaka, achia."

"Dada, mimi ndiye niliyeanza."

"Umeshika kifuniko. Mimi nimeshika chujio lenyewe."

Mwenye grisi alikuwa fundi wa mabomba ya kumwagilia, mjini wakimwita Matone. Alivaa ovaroli ya bluu, kalamu sikioni, na hata akisimama goti lake lilicheza kama linasubiri kengele ya chakula. Mwenye kucha alikuwa muuza miche, gauni la njano, viatu vya visigino vyenye udongo. Huyu alifanya kila kitu mbiombio, hata kupiga chafya.

"Unalipeleka wapi?" fundi akauliza.

"Kitaluni kwangu, nyuma ya nyumba ya shangazi. Nina safu kumi na mbili za pilipili hoho. Kampuni ya bustani inachukua safu nane mwisho wa mwezi ujao. Wakizikosa, shangazi anawapa eneo waosha magari."

"Na nani atakufungia?"

"Wewe. Si umeling'ang'ania?"

Kesho yake akalifunga. Akaweka na pampu ndogo inayovuta mbolea kutoka kwenye ndoo na kuisukuma ndani ya mipira ya dripu yenye vitundu, ili kila mche unywe maji na chakula kwa pamoja. Akaeleza vipimo, glavu, na kusafisha chujio. Lilibaki jambo moja la kueleza. Kwa bahati mbaya dada alicheka, na ubongo wa fundi ukafunga ofisi.

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe acha kutikisa mguu."

"Umejuaje?"

"Nasikia spana zinagongana mfukoni."

Halafu ikaja simu ya asubuhi ile.

"Fundi!" Hakumwita mpenzi. Matone akajua maji yamezidi unga. "Safu nne za mwanzo zimeungua majani. Nane za mwisho zimekuwa njano. Dawa yako ya ndoo imeniua!"

"Dawa yangu? Mimi nilipima kwa kijiko mbele yako!"

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema."

"Umenyamaza kama mtu aliyesema!"

Simu ikakatwa. Tusimame kimya kidogo kuwakumbuka marehemu wa safu nne, waliong'olewa mchana huo bila hata hotuba.

Siku mbili hawakupigiana. Matone alifunga bomba la mteja kinyumenyume, maji yakamwogesha mteja. Muuza miche alishika simu, akaiweka, akaishika, akaishia kumgombeza shangazi kuhusu ufagio. Shangazi, mwanamke mwenye maneno machache, akasema, "Mpigie, au nikupigie mimi. Na mimi nikipiga, nitamuita mkwe."

Lakini kabla dada hajapiga, Matone alikuwa mlangoni, amechomeka shati jeupe, mkononi chupa ya rangi nyekundu ya keki.

"Umekuja kuoka?"

"Nimekuja kujua nani kakosea. Kama ni mimi, nitaomba msamaha nimepiga magoti. Kama ni wewe, utanipa chai."

Akamimina rangi kwenye ndoo ya mbolea, akafungua maji, akawasha pampu. "Sasa tunaisubiri rangi ifike safu ya mwisho."

Wakasubiri. Mtihani wa hesabu una raha kuliko kusubiri kule. Fundi anatikisa mguu, dada anazunguka meza za miche, anarudi, anatazama saa. Dakika ya kumi ikafika, na mkono wenye kucha za zambarau ukaenda wenyewe kwenye koki.

"Unafanya nini?"

"Nafunga. Kila siku nafunga hapa, ndoo ikiisha."

Wote wawili wakatazama mipira. Matone mekundu yalikuwa yanadondoka safu ya nne. Kuanzia ya tano, maji meupe.

"Zile nne nilizong'oa zilikuwa zinashiba mpaka zinaungua," dada akasema polepole, pengine kwa mara ya kwanza maishani. "Na hizi nilikuwa nazinyima kila siku."

"Ndoo ikiisha, maji safi lazima yaendelee kuisukuma dawa mpaka mwisho. Si nilikuambia?"

"Hukuniambia. Ulikuwa unaangalia meno yangu."

Matone akakumbuka kile kicheko. Kisha akapiga magoti kwenye tope, na shati jeupe likapata historia.

"Nisamehe. Hizi nane zitarudi kijani kabla kampuni haijaja, nitakuja kila asubuhi kuzisimamia." Akayatazama magoti yake. "Na kwa kuwa niko chini tayari... nioe. Yaani, nikuoe."

"Amua moja."

"Nikuoe."

Dada akaiacha koki wazi, akatazama mipira. "Nitakujibu rangi ikifika mwisho."

"Dada yangu, utaniua!"

"Mimi sasa ni dada yako?"

Matone akakaa juu ya ndoo nyingine tupu, macho kwenye kitundu cha mwisho. Safu ya saba. Ya tisa. Goti likacheza mpaka ndoo ikapiga ngoma. Dirishani shangazi alikuwa anapangusa kioo kimoja kwa robo saa nzima. Dakika ya ishirini na sita, kwenye kitundu cha mwisho cha safu ya kumi na mbili, tone likavimba, likawa jekundu, likaanguka.

"Ndiyo," dada akasema.

Matone akaruka, mkono mmoja ukienda kiunoni kwa dada, mwingine kwenye koki.

Dada akampiga kofi mkononi. "Usifunge! Dawa bado imo kwenye mipira. Kaa chini, maji safi yapite mpaka mwisho."

"Dakika ishirini na sita nyingine?"

"Ulinifundisha mwenyewe, mpenzi." Akaivuta ndoo karibu kwa kisigino, akajibana naye juu yake. "Leo tutasubiri wote."