Mkuu wa Shule na Sahihi ya Baba Mkwe

Asubuhi mvua ya kijiji cha Masoko huwa haijui kupumzika. Mwalimu Atuganile alijifunika kanga juu ya koti, akashika njia ya shuleni. Alipofika penye migomba alichepuka, akazunguka kwa nyuma. Njia fupi ilipita mbele ya nyumba ya baba mkwe wake, mzee Ambindwile. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hasemi naye. Hata jina lake halitaji. Familia nyingi zilikuwa zimeanza kuilegeza mila hiyo, lakini si familia ya mzee Ambindwile. Atuganile naye aliishika kwa moyo, pamoja na ukuu wake wa shule na miwani yake ya kusomea.

Sasa sikia balaa lililompata. Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila kata ilitaka sekondari yake. Wazazi wa pale waliandikisha umoja wao, wakajenga shule. Atuganile akaajiriwa kuwa mkuu wa shule. Na mwenyekiti wa umoja akawa nani? Mzee Ambindwile.

Walimu wengine walilipwa. Kila mwezi Atuganile aliandika orodha ya mishahara kwa mkono wake, jina lake likiwa la kwanza. Wenzake walipokea, wakatia sahihi. Mbele ya jina lake palibaki patupu. Ikapita miezi kumi na minne.

Kwenda kumwuliza mwenyekiti hakuweza. Hata vikaoni alimtuma msaidizi wake. Kwa hiyo alimtuma mumewe, Gwamaka. Lakini Gwamaka mbele ya baba yake alikuwa mpole kupita kiasi. Alitoka nyumbani na maneno kumi, akafikisha mawili. Alirudi na jibu kwamba mke wa Gwamaka anakula ndizi za mzee na kunywa maziwa ya ng'ombe wa mzee, sasa mshahara wa nini tena.

Siku hiyo Atuganile alilia. Akidai, ukoo mzima utasema amemvunjia mkwe heshima. Asipodai, amefanya kazi ya bure zaidi ya mwaka.

Jirani yao Ezron alimkuta katika hali hiyo. Ezron alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na pia katibu wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Mikono yake ilikuwa na grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, nani alikuajiri?"

"Si unajua? Baba."

"Hebu lete barua yako ya ajira."

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa mwajiri ni Umoja wa Wazazi," alisema. "Baba ametia sahihi kwa niaba yake tu. Umoja ukishaandikishwa, mbele ya sheria unakuwa kama mtu. Unaweza kukopa, na unaweza kushtakiwa. Wewe humdai mkwe wako. Unaudai umoja."

Atuganile alishangaa mpaka akavua miwani. Kumbe yupo mtu asiye na miguu wala tumbo, na sheria inamtambua! Chuoni hakuna aliyemwambia hayo. Ameambiwa na fundi wa mashine.

Ezron alimwelekeza. Aandike barua ya madai kwa umoja, ataje miezi yote. Abaki na nakala. Anayeipokea barua aweke sahihi na tarehe kwenye nakala hiyo. Wasipojibu, aende kwa Afisa Kazi, Mbeya. Kumwona Afisa Kazi hakuna malipo.

Alifanya yote hayo. Umoja haukujibu. Afisa Kazi aliziita pande zote mbili, mwenyekiti akakataa kwenda. Basi Afisa Kazi akaandika taarifa, akaipeleka mahakamani Tukuyu.

Siku ya kesi watu walijaa. Wengi hawakuja kwa ajili ya sheria. Walikuja kuona mila ikivunjwa.

Atuganile alisimama akimtazama hakimu. Mzee Ambindwile alikaa nyuma kabisa. Hakimu, mgeni wa wilaya ile, aliuliza ni nani aliyempa kazi kwa niaba ya umoja. Atuganile alishusha macho kwenye bahasha yake. Hakimu akauliza tena.

"Jina siwezi kulitaja, mheshimiwa," alisema. "Limo kwenye barua."

Akaitoa barua. Akatoa na orodha za mishahara, zenye nafasi tupu kumi na nne. Hakimu alisoma lile jina kwa sauti. Mzee Ambindwile, mtu ambaye wengine ndio waliozoea kumwinukia, aliinuka na kuvua kofia. Alikiri kwamba sahihi ni yake. Kisha akaeleza habari ya ndizi na maziwa.

"Ndizi ni za nyumbani," alisema hakimu. "Mshahara ni wa kazi. Umoja umlipe mwalimu miezi yote kumi na minne, kwa fedha."

Watu waliduwaa. Karatasi ilikuwa imesema mambo ambayo mwanamke yule asingeweza kuyasema, na mila ilibaki salama.

Umoja ulilipa kwa awamu tatu. Tangu hapo kila mfanyakazi wa shule, hata mpishi, alipewa nakala ya barua yake ya ajira, na mishahara ikalipwa kila mwisho wa mwezi.

Baada ya mavuno, mama mkwe alikuja nyumbani kwa Atuganile. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe.

"Mzee amenituma," alisema. "Ni wifi yako Beatrice. Anauza katika duka la mtu Mbeya, miezi sita sasa, hajapewa hata senti. Tajiri anasema anamlisha na kumlaza, inatosha. Mzee anauliza, ofisi ya yule Afisa Kazi iko wapi?"

Atuganile alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aliona kupitia ufa wa mlango kwamba mtu amesimama nje, amegeukia migomba. Akapaza sauti kidogo.

"Mama, Beatrice aanze na barua ya ajira. Kama hana, aandike leo tarehe aliyoanza kazi, na watu waliomwona akianza. Ofisi nitamwandikia hapa."

Kutoka nje sauti nzito ikasema, ikimwambia mama mkwe, "Mwambie mwalimu, ndaga fijo."

Ni kusema asante sana. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, mzee yule alikuwa akimwita mke wa Gwamaka tu.