Uso Ukivimba, Usingoje

Mimba ya Sabrin ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Asubuhi hiyo alikuwa uani na mama mkwe wake, Hajati Faukia. Walikuwa wakipanga madonge ya unga juani yaumuke, kama wafanyavyo wanawake wote wa kijiji chao huko Qena, kusini mwa Misri.

Hajati alimtazama mkwewe usoni, akapiga kigelegele.

"Pua imetuna, mashavu yamejaa! Dume hilo, mwanangu! Mumeo nilimbeba hivihivi."

Sabrin alijaribu kutabasamu. Kichwa kilimgonga tangu jana. Vidole vilikuwa vimevimba. Aliogopa, lakini angewezaje kumharibia Hajati furaha yake?

Mara akaingia jirani yao Demiana, muuguzi wa zahanati, kuazima ungo. Alipomwona Sabrin, ungo aliusahau.

"Sabrin, uso umekuwa hivi tangu lini?"

"Usimtishe mtoto wa watu," Hajati alidakia. "Mimba ndivyo ilivyo. Mimi nimezaa saba!"

"Na wote wazima, Hajati, alhamdulillahi. Miezi hii ya mwisho mgongo huuma. Chooni ni kila saa. Miguu huvimba kidogo jioni, na tumbo hukaza likaachia. Hayo ni ya kawaida. Lakini uso na mikono kuvimba ghafla huenda ikawa presha. Presha ya mimba huleta kifafa. Humuua mama, humuua na mtoto."

"Na dume langu je?"

"Uso haujui dume wala jike, Hajati."

Sabrin akapiga moyo konde. "Mama, kichwa kinaniuma tangu jana. Na macho yanaona vimulimuli."

"Tangu jana? Na bado unanikandia unga?" Hajati alifoka, huku tayari akijifuta unga mikononi. "Una wazimu wewe? Vaa ushungi, twende!"

Unga waliuacha palepale. Wahdan, mumewe Sabrin, alipigiwa simu, akaja mbio na gari la rafiki yake. Hospitalini presha ilikutwa imepanda mno. Sabrin alilazwa, akapewa dawa.

"Mmewahi," daktari alisema. "Mngengoja, tungesema mengine."

Baada ya siku chache madaktari waliamua mtoto azaliwe mapema. Akazaliwa msichana, mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti. Hajati alimpakata akalia bila kujificha.

Tangu hapo, Hajati haachi mjamzito apite hivihivi. "Kichwa kinauma? Damu imetoka? Maji je? Mtoto anacheza?"

Juzi, wanawake wakioka mikate penye tanuri, jirani mmoja mjamzito aitwaye Rasmia alimjibu kwa aibu kwamba mtoto wake hajacheza tangu asubuhi.

"Labda amelala," wanawake wakasema.

Hajati alikuwa ameshanawa mikono.

"Kama amelala, akaamshwe hospitalini. Inuka, binti yangu. Mikate ikiungua, tutaoka mingine."