Gitaa Lililokataa Skrubu

Mjukuu wangu wa kike anashona sare kiwandani. Jioni akirudi ananawa, anakula, kisha anachukua gitaa. Mimi nachambua mchele, yeye anapiga. Ndiyo raha yetu.

Wiki ile bendi yao ilimpa wimbo wa kufungua tamasha la Jumamosi. Aupige amesimama, mbele kabisa. Hajawahi kupewa nafasi hiyo.

Tatizo lilikuwa mkanda. Ulikuwa unachomoka ovyo. Siku moja gitaa lilianguka, bahati likaangukia kochi. Basi akanunua vifungo vya kufuli viwili. Nusu ya kifungo hukazwa kwenye gitaa kwa skrubu, nusu hukaa kwenye mkanda. Zikiumana, mkanda hautoki mpaka ubonyeze.

"Lete hapa," akasema mwanangu, mjomba wake. Yeye ni dereva wa lori. Amezoea kukaza nati za magurudumu.

Akakaza. Akakaza tena, akatia na bega. Mara skrubu ikawa inazunguka bure.

"Mjomba! Umefanya nini?"

"Imeshika hiyo."

Mjukuu akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka kama jino la mtoto.

Ilikuwa Alhamisi. Msichana akakaa chini, macho yamemjaa machozi. "Wimbo wangu atapewa mwingine, Bibi."

"Natia gundi kali, dakika moja tu," akasema mjomba.

"Wewe tia mikono mfukoni," nikamwambia. "Twende kwa Mama Randa."

Mama Randa ni seremala, jirani yetu. Tunamwita hivyo kwa sababu randa haimtoki mkononi. Alimulika tundu kwa tochi.

"Nani kakaza hapa? Fundi wa trekta?"

Mjomba akatazama dari.

"Si ningetia gundi kali tu?" akauliza baadaye.

"Hiyo hukauka ikawa kama kioo. Ukivuta, inapasuka. Tazameni. Skrubu ina meno. Meno yanang'ata mbao. Ukikaza kupita kiasi, mbao inasagika, meno hayana pa kung'ata. Lazima turudishe mbao ndani."

Akasafisha unga wote tunduni. Akachukua vijiti vya meno vya mti mgumu, akavipaka gundi ya mbao. Akavisukuma kimoja kimoja mpaka tundu likajaa, kingine hakiingii. Gundi iliyomwagika akaifuta kwa kitambaa chenye maji.

"Sasa mpaka kesho jioni."

"Mbona imeshakauka?" akauliza mjomba.

"Juu. Ndani bado mbichi. Ukigusa, nakufunga wewe na huo mkanda."

Ijumaa jioni alikata vijiti kwa kisu kikali, vikalingana na gitaa. Akatoboa tundu jipya katikati kwa drili ya mkono.

"Tundu liwe jembamba kuliko skrubu. Likiwa pana, skrubu inacheza. Usipotoboa kabisa, mbao inapasuka."

Akasugua skrubu kwenye mshumaa ili iingie laini. Kisha akampa mjukuu wangu bisibisi.

"Kaza mwenyewe. Polepole. Kifungo kikikaa, acha. Usiongeze hata robo."

Msichana alikaza huku amebana pumzi. Safari hii skrubu ilikuwa ngumu kuzungusha. Ilikuwa inang'ata! Tundu la upande wa pili lilikuwa zima, maana mjomba hakuwahi kulifikia. Nalo wakalifungia kifungo.

"Lijaribuni juu ya godoro kwanza," akasema Mama Randa. "Si juu ya saruji."

Tulilining'iniza juu ya kitanda kwa mkanda, tukalivuta na kulitikisa. Kifungo hakikusogea. Mjomba naye akaomba avute.

"Vuta kama binadamu," nikamwambia.

Akavuta. Kisha akacheka. "Hii haitoki, Mama."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mjukuu wangu akatoka mbele peke yake, akapiga. Alitembea kulia, akatembea kushoto, akageuka mzima mzima. Kwenye kiitikio aliachia gitaa kabisa, akainua mikono miwili awapigishe watu makofi. Mimi nikafumba macho.

"Fumbua, Mama!" mjomba alikuwa anapiga kelele, amesimama juu ya kiti. "Fumbua umwone!"

Nikafumbua. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi naye. Alikuwa amesimama wima, mikono juu, anacheka. Gitaa limetulia kifuani pake.

"Mke mwenzangu huyo!" nikawaambia walio karibu, nami nikasimama.