Kadi Isiyouliza Jina

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Husna alifagia uwanja, akachemsha uji, kisha akamwamsha mdogo wake Sharifu. Sharifu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao mara nyingine humfanya mtu aumwe miguu mpaka alie. Daktari alisema anywe maji mengi kila siku. Husna alisimama mbele yake hadi kikombe kikubwa kiishe.

“Bado kidogo,” alimwambia. “Usiniachie hata tone.”

Waliishi Manundu, mjini Korogwe. Baba yao, Sufiani, alikuwa dereva wa lori la mahindi, na wiki hiyo alikuwa Handeni. Mama yao, Mwatumu, alishona sare za wanafunzi pale pale nyumbani.

Jumamosi mama aliwachukua wote wawili kwenda duka la dawa la Dada Grasiana kununua vidonge vya Sharifu. Mtoto alikuwa amechoka, amemlalia mama begani. Mama akatoa kadi yake mpya ya benki kwa mkono mmoja, akaisogeza juu ya mashine ndogo ya malipo. Mashine ikalia, karatasi ikatoka.

Husna akashangaa. “Mama, mbona hukubonyeza namba ya siri?”

“Kwa malipo madogo haiulizi,” mama alijibu huku akitabasamu. “Namshukuru Mungu. Zamani ningekuwa bado kwenye foleni ya kutoa pesa, na huyu analia mikononi.”

“Lakini itunze, mama Husna,” Dada Grasiana alimwonya. “Kadi hii haiulizi jina. Yeyote akiigusisha, inalipa.”

Shuleni, Husna aliwasimulia wenzake. Erasto, mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma, akaangua kicheko. “Kadi inalipa kwa kuguswa tu? Acha fiksi!”

Maneno yale yalimkera. Kesho yake, mama akiwa anampima mteja, Husna aliichomoa kadi kwenye pochi na kuitia katika mfuko wa sketi. “Nitairudisha kabla hajajua,” alijisemea. Wakati wa mapumziko kadi ilizunguka mikononi mwa watoto, kila mmoja akitaka kuishika. Hata Erasto alinyoosha mkono. Husna alijiona mtu mkubwa.

Jioni, wakiwa wamekaribia nyumbani, alipitisha mkono mfukoni. Hakukuta kitu.

Yeye na rafiki yake Janeth walirudi mbio. Walitafuta uwanjani, kwenye mtaro wa karibu na soko, na chini ya meza za wauza nyanya. Kadi haikuonekana.

“Twende tukamwambie mama yako,” Janeth alisema.

“Hapana! Kesho alfajiri nitaitafuta tena.”

“Husna, aliyeiokota hatasubiri alfajiri. Si umetuambia mwenyewe kwamba haiulizi jina?”

Husna alipofika nyumbani, mama alimuuliza kwa nini amechelewa.

“Tulikuwa tunafanya usafi wa darasa.”

Uongo ulimtoka haraka, lakini chakula alichowekewa alikiacha sahanini.

Jua lilipokuwa linazama, Sharifu alianza kulia akishika goti. Dawa yake ya maumivu ilikuwa imeisha mchana ule. Mama akajitupia khanga, akachukua pochi bila kuifungua. “Kaa naye, mpe maji. Nakimbia dukani kabla Grasiana hajafunga.”

Wazo likamjia Husna: akinyamaza, mama atadhani kadi imeanguka njiani, wala hakuna atakayemshuku. Kisha Sharifu akamshika mkono. “Dada, mama atarudi na dawa, eti?”

Husna alitoka mbio mpaka barabarani. “Mama! Mama, simama! Kadi haimo!”

Mama aligeuka.

“Niliichukua mimi,” Husna alisema, machozi yakimtiririka. “Niliipeleka shule, nikaipoteza. Nisamehe, mama.”

Mama hakupiga kelele. Alitoa simu, akapiga namba ya huduma kwa wateja ya benki. Dada aliyepokea alimuuliza maswali machache, kisha akasema kwa sauti ya upole, “Kadi nimeifunga, mama. Kuna malipo madogo yamepita dukani jioni hii. Fedha zako nyingine zote zipo.”

Halafu mama akampigia baba. Baba hakuuliza mengi. Alituma pesa kwa simu papo hapo, na mama akaondoka mbio huku Husna akirudi ndani kumkanda Sharifu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Dada Grasiana alikuwa ameshafunga kufuli. Alipomwona mama anakuja akihema, alifungua tena bila kunung’unika. Baada ya muda Sharifu alimeza dawa, akatulia, akalala.

Hapo ndipo simu ya mama ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa benki. Alimpa Husna ausome: mtu alikuwa amejaribu kulipia mafuta kwa kadi ile. Malipo yalikuwa yamekataliwa.

Husna akausoma mara ya pili, kisha akamrudishia mama simu.

Kesho yake walikwenda benki pamoja. Ofisa aliyeitwa Bi Munira aliwapokea.

“Shikamoo,” Husna alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu.” Mama alipomweleza yaliyotokea, akamtazama Husna. “Wewe ndiye uliyemkimbilia mama barabarani?” Akamgeukia mama. “Kadi hizi zinaturahisishia maisha, lakini hazimjui mwenyewe. Zinamtii aliyezishika. Ndiyo maana mtu akipoteza kadi, cha kwanza ni kutoa taarifa. Mngengoja hadi asubuhi, tungekuwa tunazungumza mengine.”

Alimwandalia kadi mpya na kupunguza kiasi kinachoweza kulipwa bila namba ya siri. Mama alimshukuru sana.

Njiani walipitia kwa Dada Grasiana kumshukuru, kisha kwa kina Janeth. Husna alimkumbatia rafiki yake. “Ulinishauri vizuri, nami sikukusikia. Asante.”

Walipokuwa wawili tu, Husna akauliza kwa sauti ndogo, “Mama, bado umenikasirikia?”

“Ulichukua kitu bila ruhusa, tena ukanidanganya. Kwa hilo utanishonea vifungo kila jioni mpaka mwezi uishe,” mama alisema. Kisha akamshika bega. “Lakini nakushukuru, mwanangu. Uliogopa, na bado ulinifuata. Mdogo wako alipata dawa kwa sababu ulisema kweli wakati kweli ilikuwa bado inasaidia. Sote tunakosea. Siku nyingine ukikosea, niletee kosa likiwa bado bichi. Likishaoza, hata mama anaweza kushindwa kukusaidia.”