Kipande Alichokikata Baba

Kanda ilinuka beberu. Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa ya kufungua kanda za video za watu na kuzihamishia kwenye kompyuta. Ukungu aliujua, vumbi alilijua. Hii ilikuwa harufu ya beberu aliyelowa mvua.

"Labda panya alifia humo," alisema kaka yake, aliyeifukua kabatini kwa mama yao.

"Panya hanuki hivi, kaka. Hata akijitahidi."

Ilikuwa katuni yao ya Krismasi: mbuzi mwenye kengele shingoni anatembea kwenye theluji kwa miguu miwili, akipeleka zawadi nyumba ya mwisho kijijini, huku mtoto asiyeonekana akicheka. Kila mwaka marehemu baba yao aliwawekea, na kila mwaka picha ilikatika mbuzi akiinua kwato kubisha hodi. "Imeharibika," baba alisema, nao wakaenda kulala bila kujua mwisho wake.

Fundi alipolegeza skrubu aliona kwamba haikuharibika. Ilikatwa kwa mkasi, na kipande kilichobaki kimefungwa kwa uzi mweusi, mafundo saba, kikafichwa mle mle ndani ya kasha. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alichukizwa tu na kazi mbovu. Akakata uzi, akaunga kanda, akajisifu kimoyomoyo.

Saa tisa mchana, siku ya Krismasi yenyewe, aliwasha deki sebuleni kwa mama. Mama alikuwa chumbani amejinyoosha. Kaka alijitupa kwenye kochi. Binti wa fundi, mwenye miaka sita, aliyeitwa Kimbaumbau kwa wembamba wake, alikaa sakafuni pua ikikaribia kugusa runinga, ile ya zamani yenye kisogo.

Mbuzi alibisha. Safari hii picha haikukatika. Akabisha tena, na mlio haukutoka kwenye spika. Kioo chenyewe kilitetemeka, kama dirisha linalogongwa kutoka nje.

"Mama, anasema nimfungulie," Kimbaumbau alimwambia fundi.

"Rudi nyuma, mwanangu," fundi alisema polepole. "Rudi kwangu."

Mkono wenye manyoya ukachomoza, ukamkamata mtoto nywele, ukambamiza paji la uso kwenye kioo, damu ikaruka hadi kwenye zulia, ukambamiza tena, na mara ya tatu hapakuwa na kioo cha kumzuia, akazama kichwa, mabega, kiuno, hadi fundi akabaki ameshika kiatu kimoja, huku kaka, aliyekimbilia kuchomoa kanda, akiwa ametia vidole kwenye mdomo wa deki na deki ikivitafuna, mifupa ikivunjika kama vijiti vikavu, na utepe mweusi ukifoka kutoka ndani, ukimzonga shingo na kumkaba mpaka macho yakamtoka pima.

Kwenye picha, Kimbaumbau wa kuchorwa alipiga kelele bila sauti nyuma ya mlango wa katuni. Mbuzi alimgeukia fundi akatabasamu. Meno yalikuwa ya mtu.

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni, peku.

"Nani ameiunga?" alinong'ona.

"Mimi."

"Ikate. Ikifika mwisho anatoka yeye."

"Mtoto yumo, mama."

"Najua. Hata wetu yumo." Alimshikisha mkasi. "Wa kwanza, kabla yenu. Sisi tulikata. Yule mtoto mliyekuwa mnamsikia akicheka kwenye katuni, nanyi mkacheka naye, ndiye. Baba yenu aliiweka kila mwaka ili amsikie."

"Na mkatuambia imeharibika."

"Tungesemaje?"

Fundi aliutazama mkasi. "Mlijaribu kuirudisha nyuma?"

"Baba yako hakuwa fundi."

Fundi akang'oa kifuniko cha deki kwa bisibisi, akatia vidole kwenye gurudumu la kanda na kulizungusha kinyume, kwa mkono, utepe ukimchana nyama hadi mfupa, na pembe ikatoka kiooni ikamtoboa bega, ikazunguka humo ndani, naye hakuachia, huku mama yake akiung'ata kwa meno utepe uliomkaba kaka, akiutema vipande vipande pamoja na damu ya fizi zake, na mbuzi akarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, akivuta, akipiga mateke, mpaka kioo kikamtapika Kimbaumbau juu ya zulia, uso umepasuka, analia kwa sauti, na nyuma yake, akiwa amemshika kifundo cha mguu, msichana wa miaka minne hivi mwenye gauni jeupe.

Fundi akakata kanda palepale alipoiunga. Runinga ikazimika. Kaka alikohoa, alikuwa hai, vidole vitatu pungufu.

"Mama," fundi alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mshike mwanao. Amerudi."

Mama hakusogea. Msichana alikuwa amemkumbatia Kimbaumbau kwa nyuma, kidevu begani, akitafuna kitu taratibu kwa kuzungusha taya.

"Wangu alikuwa mvulana," mama alinong'ona.