Nyayo Nyuma ya Gaju

Kila asubuhi kabla ya shule, klabu ya mbio ya Kamembe ilishuka barabara ya lami hadi ziwani, ikageuka karibu na kizuizi cha mpaka wa Kongo, kisha ikaupanda tena ule mlima. Wakati wa kushuka, Mwalimu Damascène aliwafuata watoto kwa baiskeli. Wakati wa kupanda aliisukuma, maana tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia kila alikokwenda. Watoto walijua kwamba hapo ndipo pa kutembea kidogo bila kuonekana.

Gaju hakutembea kamwe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, asiyesema sana. Siku zote alikuwa mbele, mbele kabisa, mahali ambapo sauti ya miguu ya wenzake haikumfikia. Mwalimu alisema ni kipaji. Wenzake walisema anajidai. Hakuna aliyeujua ukweli, nao ulikuwa huu: Gaju hakuweza kuvumilia nyayo za mtu nyuma yake.

Kutoka barabarani waliiona Bukavu ng'ambo ya maji, nyumba zake zimebanana juu ya vilima. Gaju alizaliwa upande ule, nje kidogo ya mji. Vita vilipofika mwaka wa tisini na sita, mama yake, Mukakalisa, alimshika mkono wakakimbia kati ya migomba huku mvua ikinyesha. Kaka yake Gisa alikuwa nyuma yao, kandambili zake zikipiga kwenye tope, pa, pa, pa. "Usigeuke nyuma," mama alisema. Gaju hakugeuka. Kisha kandambili zikanyamaza, na bado hakugeuka. Gisa hakuonekana tena.

Wawili hao walivuka mpaka, na miaka ikapita. Katika nyumba yao ya Kamembe jina la Gisa halikutajwa. Lakini Gaju alizisikia kandambili zile karibu kila siku: darasani, kwenye bomba la maji, na hasa mtu yeyote alipokimbia kumfuata.

Basi mwaka ule klabu nne zikaalikwa Bugarama kwa mbio za kupokezana vijiti, na taabu ikaanzia hapo. Mwalimu alikata kijiti kutoka kwenye mpini wa jembe, akakisugua kwa msasa, akawakusanya wasichana.

"Anayepokea anasimama kati ya mistari hii miwili," alisema. "Ukisikia mwenzako amekaribia, unaanza kukimbia, unanyoosha mukono nyuma. Hapana kugeuka, kugeuka ni kupoteza muda. Na ukivuka mustari wa pili bila kijiti, timu yote imetoka."

Mahoro angeanza, Bernadette angempokea, Gaju angempokea Bernadette, na Niyitegeka angemaliza. Bernadette alikaa dawati moja na Gaju. Alilelewa na bibi yake, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Kila alipokaribia na kijiti, miguu ya Gaju ilimponyoka. Gaju alivuka mstari wa pili kama aliyechomwa mwiba, na Bernadette akabaki nyuma ameshika kijiti hewani.

"Juu ya nini unatoka mapema?" Mwalimu aliuliza siku ya tatu, uvumilivu umemwishia.

Gaju alitazama chini. Angesema nini? Kwamba anasikia kandambili? Wangemwita mwendawazimu. Uongo ukamtoka wenyewe.

"Si miye, Mwalimu. Ni Bernadette. Akifika karibu anapunguza mwendo."

Bernadette alikishusha kijiti. Mwalimu aliamini, nani angemshuku mwenye mbio kuliko wote? Kesho yake nafasi ya Bernadette ikapewa Mwamini, binti wa fundi cherehani, pamoja na fulana ya njano ambayo bibi yake Bernadette alikuwa ameshaipunguza imtoshe. Gaju aliona haya mpaka akashindwa kula, lakini hakusema kitu.

Siku ya mbio ilipofika, walipanda lori lililokuwa linakwenda tupu Bugarama kupakia mchele. Bernadette naye alikwenda, kwa sababu lazima mtu achunge viatu na abebe bidoni la maji. Alikaa nyuma kabisa, bidoni katikati ya magoti, na njia nzima hakusema kichekesho hata kimoja. Lori lilivyozidi kuteremka ndivyo joto lilivyozidi. Gaju alilaumu joto kwa jasho lililomtoka.

Uwanja ulikuwa kando ya mashamba ya mpunga, na mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu ya pumba. Timu za Nyakarenzo, Gitambi na Bugarama zilikuwa zimeshafika. Wasichana wa Nyakarenzo waliwatazama, wakaulizana kwa sauti kama hawa wa Kamembe wamekuja kukimbia au kununua mchele.

Mwalimu alitaka kujaribu mara moja tu kabla ya mbio. Mwamini akaja na kijiti, akitweta. Gaju akasikia miguu. Pa, pa, pa. Alipopata fahamu alikuwa ameshauacha mstari wa pili mbali.

"Na Mwamini naye anachelewa?" Mwalimu aliuliza taratibu.

"Kidogo," Gaju akajibu.

"Nimekimbia na nguvu yangu yote, Mwalimu," Mwamini akasema, na machozi yakamlengalenga.

Gaju hakuweza kumtazama. Alisema tumbo linamuuma, akaenda nyuma ya nyumba ya mashine ya kukoboa mpunga, akachuchumaa pale peke yake. Alijichukia. Mara akazisikia, zinakuja nyuma yake, kandambili zenyewe, si za kichwani. Akaruka kukimbia, akajikwaa, akaangukia lundo la pumba.

"Ni miye tu," alisema Bernadette. Alikuwa amesimama pale na kikombe cha maji, kandambili miguuni. Akamtazama Gaju. "Gaju, weye uko naogopa."

Pumba zikiwa zimejaa nywele zake, Gaju alimwambia yote: mvua, migomba, mama, Gisa. Bernadette, msichana wa kucheka kila kitu, hakucheka.

"Ulimwambia Mwalimu nachelewa," alisema hatimaye.

"Nilidanganya."

"Najua. Lakini Mwalimu hajui. Bibi naye hajui. Ananiita mvivu kila asubuhi." Akampa kikombe. "Kunywa. Halafu uende ukaseme."

Gaju alikunywa, akapiga moyo konde. Wenzake wote walikuwa wamemzunguka Mwalimu alipofika.

"Mwalimu, Bernadette hakuchelewa. Mwamini naye hakuchelewa. Ni miye. Nikisikia muntu anakimbia nyuma yangu, siwezi kumungoja. Tangu vita."

Mwalimu Damascène alivua kofia yake. Yeye pia alikuwa na mambo asiyoyasema, na kando ya mto Rusizi miaka ile ni nani hakuwa nayo?

"Ilianzaje?" aliuliza.

"Maman aliniambia nisigeuke nyuma, na kaka yangu akabakia kule. Halafu na Mwalimu akaniambia nisigeuke."

Mwalimu aliitazama ile mistari ya majivu, akaivaa tena kofia yake.

"Basi leo utageuka. Utasimama umutazame anayekuja mpaka kijiti kiingie mukononi."

"Tutapoteza muda," alisema Niyitegeka.

"Tutapoteza. Bora tupoteze muda kuliko kupoteza muntu."

Mwamini alikuwa ameshaivua fulana ya njano aliyoivaa juu ya gauni lake. Alimkabidhi Bernadette bila huzuni yoyote. Kusema kweli, mbio alizozipenda ni za kutazama.

Filimbi ikalia. Mahoro alikimbia vizuri, Bernadette akapokea. Gaju alisimama kati ya mistari, uso umeelekea nyuma kama alivyoagizwa. Ndipo nyayo zikaanza. Shingo ikampata baridi katika jua lile la Bugarama. Mwili wake ukageuka wenyewe kukimbia, mguu mmoja ukatoka, na wa pili.

"Gaju," sauti ikaita. "Ni miye."

Akasimama. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mvua wala migomba. Palikuwa na Bernadette, mdomo wazi, jasho linamtiririka, anakuja kweli. Kijiti kikaingia mkononi mwake kikiwa na joto la mkono wa mwenzake.

Akakimbia. Kandambili za Gisa zilikimbia naye nusu nzima ya uwanja, na alizisikia vizuri kabisa, lakini safari hii hakuzikimbia. Zilikimbia pamoja naye mpaka alipomkabidhi Niyitegeka.

Nyakarenzo walishinda, wakapewa mpira. Kamembe walikuwa wa pili, wakapewa katoni ya sabuni. Mwalimu alisema fulana zao zilikuwa zinaihitaji. Bernadette alicheka mpaka akakaa chini.

Lori liliporudi kupanda milima, Mwalimu alikaa juu ya magunia kati ya Gaju na Bernadette.

"Kuogopa si kosa," alisema. "Hata miye niko na vitu ninaviogopa. Kosa ni kumutwisha mwenzako uoga wako, akaitwa mvivu kwa ajili yako. Ungesema ukweli mwanzoni, tungefanya mazoezi ya kugeuka, na ule mpira pengine ungekuwa wetu. Kesho utaenda kwa bibi yake Bernadette kumuambia. Na nitakwenda nawe, maana nami niliamini bila kutazama."

Nyumbani, Mukakalisa alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage.

"Maman," Gaju alisema, "leo niligeuka nyuma." Akamweleza yote, pamoja na ule uongo.

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

"Nilikuambia usigeuke siku ile moja, mwanangu, ili ufike. Sikukuambia usigeuke siku zote."

"Maman aligeuka?"

"Niligeuka. Niliona mvua tu. Nikarudia kuona mvua kila siku mpaka leo, na nikanyamaza, nikifikiri nikinyamaza utasahau. Nilikosea. Kitu kinachouma kisemwe, tukibebe wawili. Ukikificha, kinakwenda kuumiza muntu mwingine, kama kilivyomuumiza Bernadette."

Gaju alisogea karibu. "Gisa alijua kukimbia?"

Lilikuwa jina ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia tangu walipoingia. Mama alijifuta macho kwa pindo la kitenge, na akawa kama anayetaka kucheka.

"Kukushinda weye. Alikuwa anashinda batoto bote ba kilima, lakini siku ile alikataa kuvua kandambili. Zilikuwa mpya." Akausogeza ungo pembeni, akampa bintiye nafasi mkekani. "Kaa hapa, nikuambie habari zake."